Kipima mvua kilicholala usiku

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi simu ililia. Mjomba, kutoka Nanguruwe, huku Mtwara. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mjomba, hicho kidude chako kinasemaje?"

(Sisi huitana mjomba kwa mjomba, mkubwa na mdogo.) Nilikuwa bado kitandani, Shangani ya Mtwara mjini. Nikafungua programu kwenye simu: joto nyuzi 24, upepo umetulia, mvua ya leo 0.0. Nikamwambia hakuna mvua.

Akanyamaza kidogo. "Basi haya maji niliyosimama ndani yake yatakuwa ya bomba."

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza za msimu, na uani kwake kulikuwa na korosho zimeanikwa juu ya turubai siku ya pili. Mjomba analala nyumba yake ya zamani ya makuti. Ya bati kawaachia watoto kwa sababu ya joto. Makuti hayana kelele. Ndiyo maana nilimfungia kituo kidogo cha hali ya hewa: kihisi kwenye nguzo nje, kisanduku chenye kioo ndani, na mlio wa kumwamsha tone la kwanza likianguka ili akafunike. Kisanduku kinatuma namba kwa modemu hadi kwenye simu yangu. Usiku ule hakikulia. Kila aliyewahi kupeleka korosho zenye unyevu ghalani anajua yaliyofuata: karani anazikoroga mkononi, anakutazama, anaandika daraja la pili.

Nilikwenda wiki ile ile na bisibisi. Nilikuwa na hakika kihisi kimeungua, au masafa yanaingiliwa na kitu, maana hivi vyetu hutumia 433 MHz, masafa yanayotumiwa pia na rimoti za magari na mageti. Nimefika saa sita mchana, kidude kinafanya kazi vizuri kabisa. Nikamwagia maji kwenye kipima mvua, namba zikapanda. Mjomba akaniangalia kama mtu aliyeletewa mgonjwa anayecheka.

Kilichonichukua siku mbili kukielewa ni hiki. Juu ya kihisi kuna kipaneli kidogo cha sola. Mchana sola ndiyo inayokilisha, na chaji inayobaki inaingia kwenye kapasita, kijifaa cha kutunza umeme kwa muda mfupi. Betri mbili za AA ndani ni za akiba, za usiku na siku za mawingu. Betri zikifa, mchana huoni dalili. Jua linazama, kapasita inakitunza saa kadhaa, halafu usiku wa manane kinazima. Asubuhi jua likitoka kinafufuka, hesabu ya mvua inaanza upya, na wewe unayefungua simu ukinywa chai unakuta kila kitu kiko sawa. Kidude kile kilikuwa kimekuwa maiti ya usiku labda kwa wiki nzima, nasi hatukujua kwa sababu hakuna anayekitazama saa tisa za usiku. Na siku zilizotangulia mvua zilikuwa za mawingu mazito, kwa hiyo hata hiyo kapasita haikushiba. Juu ya hayo, kipaneli kilikuwa na utando wa vumbi la salfa tangu tulipopuliza mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu. Nilikifuta kwa kidole, kidole kikawa cha njano.

Kinachonikera ni ile 0.0. Kipimajoto kikipotea, baada ya muda kioo kinaweka vistari, unajua hapa hakuna habari. Mvua haiwekewi vistari. Sifuri ya "haikunyesha" na sifuri ya "nilikuwa nimelala" zinaandikwa kwa namna moja. Waliobuni programu hii wangekuwa na korosho uani, wasingeliacha hivyo.

Lakini nusu ya kosa ni yangu. Kituo nilikinunua kwa fedha ambayo mke wangu hajaambiwa hadi leo, kisha nikakitia betri za buku jozi, zile zile za rimoti. Nilipozitoa nikazipeleka kwa fundi redio sokoni. Akaweka mita: moja ilisoma volti 1.4, nyingine karibu hapo. "Nzima hizi, bosi." Nikamwomba azipime zikiwa zinafanya kazi. Akachukua globu ya tochi, akaiunganisha kwenye betri, mshale ukaanguka papo hapo chini ya volti moja. Akacheka. "Kumbe zinajifanya."

Ndivyo betri iliyochoka ilivyo. Ni kama mzee aliyekaa barazani. Ukimwona amekaa, mzima kabisa. Mpe ndoo ya maji apandishe mlima ndipo utajua. Na kihisi cha namna hii hakimwachi mzee akae. Changu kinatuma taarifa kila baada ya sekunde 16, yaani mara 5,400 kwa siku, na kila kikituma kinavuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua. Betri dhaifu inazama hapo hapo, chipu inakosa nguvu, taarifa haiendi. Ukiipima imepumzika itakudanganya kila siku.

Basi jambo ninalotaka tulizoee ni kusoma maandishi madogo kwenye betri, si rangi wala picha ya radi iliyochorwa ubavuni. Ikiandikwa R6, ni ya zinki na kaboni, ile ya bei rahisi. LR6 ni alkalaini. FR6 ni lithiamu. HR6 ni ya kuchaji. Zote zinaingia kwenye tundu moja, ndipo shida inapoanzia. Ya kuchaji ina volti 1.2 badala ya 1.5, mbili zinakupa 2.4 mahali kihisi kinapotarajia 3, na alama ya betri kuisha inaweza kukuwakia hata kama umezichaji karibuni. Ya R6 haiwezi kasi ile ya kuvuta na kuacha. Alkalaini inaweza, ila ikiachwa humo imekufa inavuja, na hapa kwetu joto linaiharakisha. Lithiamu haina tabia ya kuvuja na inadumu, ila bei yake inauma, na mara nyingi lazima uagize Dar. Mimi nimeagiza. Nikikumbuka daraja la pili, haiumi sana.

Kuhusu joto nina kesi nyingine. Jirani yangu hapa Shangani alikifunga kihisi chake juu kabisa ya paa la bati, kipate upepo wa kusi vizuri, anasema. Adhuhuri bati lile huwezi kuweka kiganja. Kihisi kinasoma joto la Jehanamu, na betri zimeokwa hadi zimetoa unga mweupe. Ule unga usiushike kwa mkono wenye kidonda, ni mabaki ya magadi makali ya ndani ya betri. Tuliukata kwa matone ya ndimu kwenye pamba (siki pia inafaa), tukafuta, tukaacha pakauke. Springi zilikuwa za kijani kwa chumvi ya bahari, tukazipitisha msasa laini, kisha tukapaka mafuta ya mgando kidogo sana. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekatika, na hapo ndipo hewa ya bahari ilipokuwa ikiingilia. Kikashushwa kwenye nguzo uani.

Nikikosoa betri mbovu, najua tumelelewa nazo. Nani hakuanika betri za redio juani? Nani hakuzing'ata? Shuleni tulizipasua, ule unga mweusi tukaupakia ubao. Tulizoea kwamba betri haifi, inapumzika. Redio inakusamehe: sauti inafifia, unajua, unaianika, unaendelea kusikiliza mpira. Kihisi hakififii sauti. Ndiyo maana mazoea ya redio, ikiwemo kuchanganya betri moja mpya na moja kuukuu, hayafai huko juu kwenye nguzo. Ile kuukuu inakwisha kabla, mpya inaendelea kuisukuma, na matokeo yake ni uvujaji.

Nayasema haya kwa sababu kwenye AMCOS ya kwao mjomba, ushirika wa wakulima, nimesikia wazo la kuchangishana wanunue vituo kama hivi, kila tawi na chake. Sipingi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasaidia, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja tahadhari ilitolewa mapema. Lakini utabiri wa mkoa hauwezi kukwambia kama manyunyu yameanza uani kwako saa tisa usiku. Swali langu kwao lilikuwa moja: nani atabadili betri, na fedha yake iko kwenye bajeti gani? Katibu akasema vitu vya sola havihitaji betri. Nikamweleza habari ya kapasita. Sidhani alinielewa, lakini mjomba alisimama akasimulia ya korosho zake, na hiyo waliielewa wote. Kununua kwenyewe kumeahirishwa hadi mkutano ujao.

Kwa mjomba sasa tarehe ya kubadili imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye nguzo: mwezi wa tisa, kabla ya korosho kuanza kuanguka, betri ziwe zimekwisha au hazijaisha. Kipaneli kinafutwa kwa kitambaa chenye maji kila tukimaliza kupuliza salfa. Na nimeweka mlio saa tisa za usiku kwenye simu, mara moja kwa wiki, niamke niangalie kama kiko hai. Mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo.

Zile betri za zamani nilitaka kuondoka nazo. Mjomba akanishika mkono mlangoni.

"Hizo niachie. Saa ya ukutani itazila."

Nilipogeuza pikipiki nilimwona anaziweka juu ya bati, upande wa jua.