Rupia ya Mjerumani sina

Kila nikitoa kopo langu la sarafu mbele ya mgeni, swali ni lile lile: "Una rupia ya Mjerumani?" Yaani ile sarafu ya enzi za ukoloni wa Wajerumani. Sina. Nikishajibu hivyo mgeni anapoa, utadhani nimemwita kula pilau nikamwekea uji.

Mchezo wangu ni mdogo tu. Kila mwisho wa mwezi napita kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, na noti ya elfu kumi, au mbili kama mwezi umekaa vizuri, ananibadilishia chenji aliyoirundika kwenye ndoo ya rangi. Nyumbani natandika mkeka, namwaga, naanza kuchambua kama mchele: mia mbili za Karume huku, mia za Nyerere kule, hamsini za Mzee Mwinyi pembeni. Zisizonifaa zinarudi mjini kwa nauli ya daladala, na konda hajawahi kuikataa chenji.

Wamarekani wana mchezo huu pia, ila wao huenda benki wakapewa sarafu zimeviringishwa kwenye karatasi. Wanachowinda ni madini: robo dola yao ya mwaka 1964 kurudi nyuma ilikuwa na fedha asilimia 90. Kwetu hilo lisahau. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na tangu sarafu zake za kwanza hizi za kununulia vitumbua hazijawahi kuwa na fedha. Ukiziyeyusha utapata hasara ya mkaa.

Ndiyo maana mimi natazama mwaka, picha na usafi, hasa usafi. Chukua hamsini ya 1996, ile ya kifaru na mwanawe. Mzee Mwinyi alishatoka Ikulu mwaka 1995, lakini sarafu ya mwaka uliofuata bado imebeba sura yake. Au jero ya nyati ya 2014, iliyokuja kwa sababu noti ya mia tano ilikuwa inachakaa kabla haijazoeleka mkononi. Kila mtu ameishika. Haya, nitafutie moja isiyo na mkwaruzo! Ndoo nzima inaweza isitoe hata moja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa rupia. Wanaamini sarafu ikizeeka imekuwa mali. Namfahamu mzee aliyeuza ng'ombe wawili ili amlipe "mtaalamu" wa kuchimbua rupia chini ya mbuyu. Mbuyu upo, ng'ombe hawapo. Rupia zilikuwa hela za kila siku, watu walilipia kodi na kununulia chumvi. Hata neno lenyewe linasema: rupia moja ilikuwa pesa 64, kisha kuanzia 1904 ikawa heller 100, nasi tukaifanya hiyo heller kuwa hela. Ya Mjerumani inayostahili kelele ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katikati ya vita, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Hiyo huwezi kuikuta kwa Mangi, na chini ya mbuyu ndiyo kabisa.

Nisijifanye mjanja, mimi mwenyewe niliwahi kuingia kichwa kichwa. Kwenye kopo la vifungo la bibi nilikuta senti kumi yenye tundu, mwaka 1936, jina la Edward wa Nane. Nikasoma: mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaachia kiti Desemba ile ile, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Ya kwetu, kwa vile ina tundu, haikuhitaji sura, jina lilitosha. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa napanga kiwanja. Asubuhi nikaisugua kwa limau na chumvi hadi ikang'aa kama sufuria jipya, nikampelekea mzee mmoja mkusanyaji. Akacheka, akavuta bakuli chini ya meza: alikuwa nazo kumi na ngapi sijui, maana zilipigwa nyingi mno. Kisha akaigeuza yangu kwenye mwanga, kicheko kikakatika. "Hii umeiua, mwanangu." Ile rangi ya kahawia niliyoisugua ndiyo ngozi yake, na haioti tena.

Wakati ule ule, senti zetu za 1966, ile ya sulisuli, ya mbuni, ya sungura, tulizichezea hadi zikaishia mitaroni. Nani angehifadhi senti tano? Leo ndizo ninazozitafuta, na zinazojitokeza zimesagika hadi sungura hana masikio. Mia mbili ya simba nayo iko njia hiyo hiyo, tunaitazama tu.

Jumamosi iliyopita ndoo ya Mangi ilitoa jero moja safi kabisa, pembe za nyati unazihisi kwa kidole. Nikaifunga kwenye karatasi. Haikupita saa, mke wangu akaita kutoka uani: "Baba Neema, muuza maji yupo hapa, hiyo mia tano uliyofunga si unipe?"

Nikamhesabia mia mia, tano.