Miche ya Juni haitufai Dodoma

Mwaka huu tena tumepanda miti tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Turubai zikafungwa, spika zikapangwa, fulana za kijani zikagawiwa, risala ikasomwa, kisha mgeni rasmi akashika koleo mbele ya kamera. Ardhi ilikuwa imekaza kiasi kwamba vijana walichimba mashimo kwa sururu tangu jana yake, na maji ya kumwagilia yakaletwa na boza. Boza la maji, katika mitaa ambayo akina mama wananunua maji kwa ndoo! Nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

Matukio yenyewe siyapingi. Nayataka yawe mengi zaidi, kila kata, kila kijiji, kwa sababu mabadiliko ya tabianchi hapa kwetu si mada ya semina. Ni uwele uliokufa Februari mvua ilipokata. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wamekuja kwa moyo mmoja halafu nguvu yao inazikwa kwenye udongo mkavu.

Mvua zetu kila mtu anazijua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili zimekwisha. Msimu mmoja tu, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, basi. Tarehe 5 Juni ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ulipofunguliwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira kule Stockholm mwaka 1972. Ni siku nzuri ya hotuba na ngonjera. Kupandia mti Dodoma, hapana. Juni ni kipupwe, na upepo wake unakausha hata kilichobaki. Mavuno yameshatoka, mifugo imeachiwa mashambani, na mbuzi anayekatiza hapo hana kijani kingine cha kutafuna zaidi ya huo mche wako. Ukiupanda shuleni, watoto waliokabidhiwa kuumwagilia wanafunga shule mwezi huohuo. Pita Septemba uone: kijiti kikavu, uzio wa miiba ulioanguka, na kibao chenye jina la aliyepanda.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, ni afadhali kidogo. Kidogo tu. Bukoba mvua bado inanyesha. Kwetu inaaga, na mche unaingia kwenye kiangazi cha zaidi ya miezi sita kabla mizizi haijashika.

Mkoa huu ulishawahi kupangiwa mambo na watu wasioijua mvua yake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, wakang'oa vichaka kwa maelfu ya ekari. Ukame na ardhi ngumu vikawashinda, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Wazee wa Kongwa wanaisimulia habari hiyo mpaka leo, na sisi tunaoandaa shughuli za mazingira tulipaswa kuwa wa kwanza kuisikiliza.

Sasa niseme ninachokitaka. Kiangazi hikihiki, ambacho ni kibaya kwa mche, ni kizuri kwa kisiki hai. Ingia shamba lolote la mtama lililovunwa, Chamwino, Bahi au Mpwapwa, angalia chini: visiki vimejaa. Shina lilikatwa zamani, lakini mizizi iko hai chini kabisa, na kila mwaka kisiki kinatoa machipukizi yanayofyekwa wakati wa kuandaa shamba. Kazi ni kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, kuyapogolea matawi ya chini, kukata mengine yote, na kufunga kitambaa cha rangi ili mwenye jembe na mchungaji wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Hakuna kitalu, hakuna boza. Mti tayari una mizizi ya miaka, kwa hiyo mvua ya kwanza ikidondoka unapaa. Wakulima wa Niger wamerudisha miti mingi mno kwa njia hii tangu miaka ya 1980, na vijijini kwetu kazi hiyo imeshaanza.

Mama mmoja wa kule Mvumi alinionyesha mgunga wake uliokuwa umemzidi kimo, kitambaa chekundu bado kimefungwa kwenye shina, kimepauka kwa jua. Nilimuuliza aliupanda lini. "Sikuupanda, mwanangu. Niliacha kuukata." Kisha akalalamikia ng'ombe wa jirani kwa muda mrefu kuliko aliozungumzia mti, na alikuwa na haki. Mifugo ndiyo habari yenyewe. Kule Kondoa, ardhi ilipokuwa imemomonyoka vibaya, mifugo iliondolewa mwaka 1979 na majani na vichaka vikarudi vyenyewe. Wafugaji waliumia, na sitaki mtu ahamishwe tena kwa nguvu. Lakini kijiji kinaweza kukaa kikakubaliana ni mashamba yapi yasichungiwe kiangazi, na hilo halihitaji mgeni rasmi.

Naambiwa shughuli ya Juni inaleta hamasa na viongozi wanafungua pochi. Sawa, nakubali, pochi tunazihitaji. Majiko na gesi nayo ni mambo ya maana, mkaa unatumaliza.

Kamati za mwakani zitakapokaa, naomba hivi. Juni iwe ya hotuba, maonesho ya majiko, na mikutano ya sheria ndogo za malisho. Agosti na Septemba watu waitwe mashambani na mapanga, kila kaya ifunge vitambaa kwenye visiki vyake. Oktoba na Novemba fedha za turubai zinunue majembe na chakula cha wachimbaji wa makinga maji, maana mvua kubwa ikija juu ya ardhi tupu inakimbilia korongoni na udongo wetu, wakati jiji hili linakunywa maji ya visima vya Makutupora, ambavyo kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha vinajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa. Miche itoke kitaluni Desemba, ardhi ikishalowa. Mgeni rasmi aalikwe Oktoba ya mwaka unaofuata, atembee nasi shamba kwa shamba, tuhesabu pamoja iliyo hai.