Maji ya usiku kwenye mifongo ya Moshi

Kila kiangazi hapa Moshi lawama hurudi: mifongo ya Uchagani, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, inamaliza maji ya Mto Pangani. Wanaolaumu wana hoja nzito. Huko chini kuna mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, megawati 8, Hale, 21, na Pangani Falls, 68, na yote inategemea maji ya mito ya Ruvu na Kikuletwa yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru. Kuna wafugaji, kuna wavuvi wa bwawani, na kuna watu wa Pangani mjini ambao mto ukipungua maji ya bahari hupanda mtoni. Mfongo wa udongo unavuja kweli. Anayetaka usakafiwe na kila mtumiaji awe na kibali cha maji anawasemea watu wenye shida.

Ila hilo neno "kuvuja" limebebeshwa mzigo usio wake. Maji yanayonywea kando ya mfongo yananywesha migomba, kahawa na majani ya ng'ombe, na mengine huibuka kwenye chemchemi za chini, yakachotwa tena. Anayepima pale kwenye banio tu, mfongo unapochepuka kutoka mtoni, hawezi kuyaona.

Zaidi ya yote ni usiku. Kibali hutaja kiasi cha maji. Mfongo wenyewe unakwenda kwa zamu: ukoo gani, siku gani, alfajiri au baada ya adhuhuri. Giza likiingia, sehemu ya maji hujazwa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la mfongo, kwa ajili ya kesho, na yanayobaki yanaweza kuachiwa mto. Saa hizo ndizo mtu wa bondeni anazozisubiri, na sijaona kibali kinachozitaja.

Kiangazi kimoja nilikuwa Uru, huko mlimani, jioni, kwa mzee wa mfongo, wakaja wakulima wawili wa mpunga kutoka chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mpunga umefika wapi?"

"Unachanua, mzee. Tukikosa maji wiki hii tumekwisha."

Mzee aliuliza wanataka masiku mangapi. Wakasema manne. Akawaambia siku ya kuzibua mfongo walete vijana wawili na majembe, nao wakakubali. Muda si mrefu wajukuu zake walikuwa ndani ya maji hadi magotini, wanaziba banio kwa magome ya migomba, mawe na tope, na mto ukaanza kuunguruma upya. Alfajiri wakalifungua.

Linganisha na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Mifereji ya zege, mashamba yaliyosawazishwa, mpunga wa kupendeza. Wakulima wa juu ya mradi walipoona mpunga unalipa, nao wakachepusha maji ya Mto Rau, na sehemu ya mashamba ya mradi ikabaki bila maji. Zege lilikuwa zima. Hao wa juu ndio hawakuwa kwenye mapatano.

Nakiri mapatano ya kienyeji yana dhuluma zake. Wanaoamua ni wanaume, mara nyingi wa ukoo uliochimba mfongo, wakati mama anayebeba ndoo kila asubuhi hana kiti kikaoni. Watu nao wameongezeka kuliko zamu zilivyopangwa zamani, na mzee wa Uru hatakutana na mvuvi wa Pangani maishani mwake. Kwa hiyo Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapahapa Moshi, ina kazi asiyoiweza mzee yeyote: kupima mto mzima na kuamua majirani wanaposhindwana.

Sheria ya maji ya 2009 imeshazipa haki za kimila hadhi sawa na kibali, na imeziruhusu jumuiya za watumia maji. Basi kibali cha mfongo kiandikwe kwa lugha ya mfongo: saa ya kufungua banio, saa ya kufunga, na kijiji gani cha chini kina haki ya maji ya usiku. Akina mama wawepo zamu zinapoandikwa. Bodi iweke kipimo pale banioni, na kipimo cha usiku kiwafikie watu wa bondeni kwa simu, mpunga ukiwa bado haujanyauka na kabla hawajapanda mlima kuomba.