Aksum: Bahari Ilifungwa au Nchi Ilichoka?

Ukiuliza kwa nini dola ya Aksum ilianguka, jibu utakalopewa mara nyingi ni fupi: Waarabu Waislamu waliitwaa Bahari ya Shamu katika karne ya 7, biashara ikakatika, ufalme ukanyauka. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini tarehe zake hazikai sawa, tena linaifanya hatima ya dola kubwa ya Kiafrika ionekane kuwa iliamuliwa yote na watu wa nje. Upande wa pili wapo wanaosema bahari ni kisingizio, kwamba Aksum iliitumia ardhi yake mpaka ikaisha. Mimi naona kila upande una swali ambalo hauwezi kulijibu bila msaada wa mwenzake.

Mji wa Aksum ulikuwa nyanda za juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, katika Tigray ya leo, kaskazini mwa Ethiopia. Mlango wake ulikuwa Adulis, bandari iliyokuwa kwenye pwani ya Eritrea ya sasa. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa na Myunani wa Misri, unaitaja Adulis kuwa soko la pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Mwongozo huohuo unateremka hadi Azania na Rhapta, pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambako bidhaa zilikuwa karibu zilezile. Tuliweke jambo hilo akilini, maana litarudi.

Karne mbili baadaye, mafundisho ya Mani, mwanzilishi wa dini huko Uajemi, yanaihesabu Aksum miongoni mwa falme nne kubwa za dunia, pamoja na Roma na Uajemi. Mnamo 270 hivi mfalme Endubis alianza kutoa sarafu zake mwenyewe, za dhahabu na za fedha. Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4, msalaba ukachukua nafasi ya hilali na duara kwenye sarafu hizo. Na zipo nguzo za mawe za makaburi ya wakubwa, ambazo kubwa kuliko zote ina urefu wa mita 33 na uzito unaozidi tani 500. Nguzo hiyo sasa imelala chini vipande vipande, lakini watu walioweza hata kufikiria kuichonga na kuisimamisha walikuwa na chakula cha ziada, mafundi, na mtawala wa kuwaamuru.

Hoja ya bahari inapata nguvu yake kubwa kwenye sarafu. Zile za dhahabu ziliandikwa Kiyunani, lugha ya biashara ya baharini, ilhali za fedha na shaba zilizidi kuandikwa Kigeezi, lugha ya nyumbani. Dhahabu, basi, ilikusudiwa mkono wa mgeni, na kweli zimefukuliwa Yemen na hata kusini mwa India. Fahari ya wafalme iliegemea kilichopita Adulis. Kadiri walivyofuatana, dhahabu ndani ya sarafu ilipungua, na katika karne ya 7 sarafu zikakoma kabisa. Mfalme mwenye wateja wakubwa ng'ambo hana sababu ya kuacha kutoa sarafu. Hapo nawakubalia kabisa watu wa upande huu.

Lakini nani aliyewakata wateja? Hapa ndipo tarehe zinapoanza kusumbua.

Mwaka 523, mfalme wa Himyari huko Yemen, Yusuf Dhu Nuwas, aliyekuwa wa dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wa Najran. Kaleb, mfalme wa Aksum, akavuka bahari na jeshi mnamo 525 kwa kuhimizwa na Roma ya Mashariki, akamshinda. Ni kilele cha nguvu za Aksum, na wengi husimulia tukio hilo kama ushindi mtupu. Mimi nauona kuwa mwanzo wa hasara. Kaleb alimweka mtawala wake Yemen, na baada ya miaka michache Abraha, kamanda aliyetoka katika jeshi lilelile la Kihabeshi, akampindua na kujitwalia kiti. Kaleb alituma jeshi kumwadhibu, askari wakajiunga na Abraha; akatuma la pili, likapigwa. Msomaji aliyesoma tafsiri ya Suratul Fil anamfahamu Abraha huyu, kwani mapokeo yanamtaja kuwa ndiye aliyeongoza jeshi la ndovu dhidi ya Makka. Kwa Aksum alikuwa kitu kingine: uthibitisho kwamba dola inaweza kulishinda taifa la ng'ambo na isiweze kulishika. Dhahabu, merikebu na askari waliopotea Yemen hawakurudi.

Zingatia pia kwamba mnamo 531 hivi Kaisari Justinian alimtuma balozi kwa Kaleb na ombi la kibiashara: Wahabeshi wanunue hariri kutoka kwa Wahindi na kuwauzia Warumi, ili Warumi waache kuwatajirisha Waajemi. Kaleb alikubali, na hakuweza. Mwanahistoria Procopius anaeleza sababu: wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa wakiwahi bandari ambako merikebu za Kihindi zilitia nanga kwanza, wakinunua shehena yote. Hiyo ni karibu miaka mia kabla ya Uislamu kuwa na dola, na tayari Aksum ilikuwa inashindwa sokoni. Kisha Waajemi wakaitwaa Yemen yenyewe katika miaka ya 570. Wakaiteka nchi ya Shamu (Syria), wakaingia Yerusalemu mwaka 614, na kufikia 619 walikuwa wameshika Misri. Wateja wakuu wa Adulis walikuwa vitani au chini ya mtawala mpya kabla jeshi lolote la Kiislamu halijatoka Uarabuni.

Na uhusiano wa Waislamu wa kwanza na Aksum haukuanza kwa uadui. Waislamu wa pwani yetu wanaijua habari hii tangu chuoni: mnamo 615, Masahaba walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, na Najashi, mfalme wa Aksum, akakataa kuwarudisha kwa Makureshi. Ugomvi wa baharini ulikuja baadaye, hasa mnamo 702, manowari za Kihabeshi ziliposhambulia Jeddah na Waarabu wakajibu kwa kuvitwaa visiwa vya Dahlak, mbele ya pwani ya Adulis. Pigo hilo lilikuwa kubwa, lakini lilimkuta mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani. Hata hivyo katika karne ya 9 mwandishi Mwarabu al-Yaqubi bado anaueleza ufalme wa Najashi kuwa mkubwa, mji wake mkuu ukiitwa Kubar, na wafanyabiashara Waarabu wakiufikia kupitia Dahlak. Kwa hiyo biashara ilipungua na kubadilisha mikono, haikufa.

Sasa upande wa ardhi. Mwaka 1981 Karl Butzer, mwanajiografia aliyechunguza tabaka za udongo kuuzunguka mji, alitoa hoja iliyobadilisha mjadala. Kwa maoni yake, Aksum ilistawi katika karne zilizokuwa na mvua nzuri zaidi, kiasi cha kuwezesha mavuno mawili kwa mwaka. Watu wakaongezeka, miteremko ikalimwa, miti ikakatwa kwa kuni na mkaa, hasa mkaa wa kuyeyushia chuma. Mvua kali zikauchukua udongo uliobaki uchi, na mvua zilipoanza kuyumba katika karne ya 8, mji haukuwa tena na uwezo wa kujilisha.

Hoja hii naipenda kwa sababu inamrudisha mkulima katika habari ambayo kwa kawaida huachiwa wafalme na mabaharia. Lakini kuipenda hoja si kuithibitisha. Uchunguzi wa mabonde yaleyale uliotolewa mwaka 2009 ulikuta mandhari tulivu zaidi kuliko Butzer alivyodhani. Mmomonyoko ulikuwapo, ila dalili za janga moja kubwa mwishoni mwa zama za Aksum hazikuonekana. Na kuna jambo ambalo halihitaji maabara: nchi ile inalimwa kwa plau ya maksai hadi leo. Udongo uliokwisha kabisa haulishi watu karne kumi na tatu zaidi. Isitoshe, hoja ya udongo haielezi kwa nini sarafu zilikoma mapema hivyo, kabla ya mvua kuyumba.

Mpaka hapo bahari inaongoza. Mtihani wake mgumu unakuja mbele kidogo.

Waabbasi, nasaba ya makhalifa wa Kiislamu, walipojenga Baghdad mwaka 762, uzito wa biashara ya Bahari ya Hindi uliegemea Ghuba ya Uajemi: Basra, Siraf, Oman. Bahari ya Shamu ikawa kando hata kwa Waislamu wenyewe. Ndiyo karne ileile ambayo mji wa Waswahili wa Shanga unaanza kukaliwa katika visiwa vya Lamu, na inayofuata inaukuta mji jirani wa Manda ukipokea vyombo vya kauri kutoka Ghuba. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu aliyefika pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, mnamo 916, anaeleza kwamba pembe za ndovu za huko zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikaenda India na China. Sisemi kwamba miji ya Waswahili iliiua Aksum, ingekuwa upuuzi. Nasema muuzaji wa pembe alikuwa amepatikana kwingine, karibu na pepo za msimu, na njia yake haikupita Adulis.

Halafu mwaka 969 Wafatimi, nasaba nyingine ya makhalifa, wakaiteka Misri na kuijenga Cairo. Bahari ya Shamu ikarudi kuwa njia kuu ya bidhaa za India. Kama tatizo la Aksum lingekuwa kufungwa kwa bahari peke yake, huo ndio ungekuwa wakati wa kuinuka tena. Haikuinuka. Ushuru wa njia hiyo ulikwenda kwenye bandari za Dahlak, Aden na Aidhab, na bara kwenyewe mambo yalikuwa mabaya zaidi: msafiri Mwarabu Ibn Hawqal anaandika katika karne hiyohiyo ya 10 kwamba Uhabeshi ulitawaliwa na mwanamke aliyemuua mfalme. Mapokeo ya Ethiopia yanamwita Gudit, au Yodit, na kumtwika lawama ya makanisa yaliyochomwa. Dola yenye shamba na hazina imara huweza kumstahimili adui wa namna hiyo. Aksum ilikuwa haina tena akiba ya kujijengea upya, na hapo hoja ya ardhi, hata ikipunguzwa makali, inaeleza kitu ambacho bahari haielezi: kwa nini mji ulioshindwa sokoni haukuweza hata kubaki kitovu cha wakulima wake.

Ndiyo maana siwafuati sana wale wanaosema Aksum haikuanguka, ilihama tu. Kigeezi, kanisa na madai ya ukoo wa Sulemani viliendelea, na hilo si dogo. Lakini mamlaka yaliifuata mvua kusini. Wazagwe, nasaba iliyofuata, walitawala kutoka Lasta, ambako makanisa ya Lalibela yalichongwa ndani ya mwamba, na baada ya 1270 nasaba ya Yekuno Amlak ilijikita Amhara na Shewa. Wafalme hao walijilisha kwa kodi ya mashamba na mifugo, na kwa karne nyingi hakuna aliyetoa sarafu. Aksum ikabaki mahali pa kutawazwa: Zara Yaqob alifika huko mwaka 1436 kuvikwa taji, lakini ufalme wake aliuendesha kutoka kusini.