Afande na Gomesi ya Ssenga

Jirani alipohamia Kampala, aliacha nyuma ya jiko boksi la mbao, na ndani ya boksi kitu chenye manyoya. Walukuba yetu hapa Jinja ni mtaa wa makabila yote. Nyumba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani enzi za Mwingereza, na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha, ndicho tunachogombania. Basi watu wakakaa kikao. Hoja ilikuwa moja tu: apikwe kwa nyanya au kwa karanga?

Mimi nilichungulia. Kitu nacho kikanichungulia. Kilikuwa kama tambara la kupigia deki lililoota masikio. Kumbe ni sungura wa Angora, wale wanaofugwa kwa ajili ya sufu. Jirani aliambiwa sufu hiyo ni dhahabu, hakuuliza nani ataivaa Jinja, ambako saa saba mchana hata fulana ni adhabu. Sufu haikupata mnunuzi, sungura hakupata kitana.

Nikambeba na boksi lake. Mke wangu alikuwa anamenya matoke, hata kichwa hakuinua.

"Baba Aisha, karo ya muhula huu umeshamaliza?"

"Bado."

"Haya. Nilivyoona unaleta yatima nikajua tumetajirika."

Nilipofungua boksi, yatima akapiga mguu wa nyuma chini: di! Mimi nimekulia kambini, baba alikuwa koplo, na mguu ule naujua. Ni wa sajini meja aliyekuta kifungo kimoja kimeachwa wazi. Jina likapatikana hapohapo: Afande.

Adabu Afande hakuwa nayo hata ya kuazima. Ukimpelekea chakula anaunguruma na kuurukia mkono, si chakula. Nikamwachia chumba cha kushonea azunguke kidogo. Akakata waya wa pasi, bahati umeme ulikuwa umezimwa, kisha akaukojolea mfuko wa vifungo huku ananitazama usoni. Alichokubali ni majani ya viazi vitamu na kishona nguo, lile gugu ambalo Waganda huliita ssere, mbegu zake zikikushika suruali hazikuachi. Wateja walicheka hadi wakatafuta viti: fundi cherehani anakwenda kichakani kuchuma kishona nguo!

Wiki ya pili nikamwita daktari wa mifugo. Alikuja na boda, akaingiza vidole ndani ya yale manyoya, akaumwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Huyu si mkorofi. Ana maumivu."

Akanieleza kwamba nywele za Angora hukua sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi, na hutakiwa kukatwa kila miezi 3 hivi. Za Afande zilikuwa zimesokotana mpaka zikang'ang'ania ngozi, kila hatua zinamvuta. "Fikiria umesukwa nywele za kubana mwili mzima mpaka kwapani, halafu mtu anakuletea mkono." Tena akijilamba anazimeza, na sungura hawezi kutapika, zikiziba tumbo ndiyo kwaheri. Akanikataza kumwogesha, akanionya kwamba ngozi yake ni nyembamba na huchanika upesi.

"Daktari," nikasema kwa majivuno, "mimi nakata shifoni."

Shifoni haina meno.

Usiku ule mke wangu alimfunga Afande kwa kanga kama mtoto mchanga. Nikavaa kile kikofia cha chuma tunachovaa mafundi kidoleni, nikashika mkasi mdogo. Fundo la nyuma ya sikio lilikuwa gumu kama soli ya kandambili. Nikapenyeza kidole kati ya fundo na ngozi kama nilivyoelekezwa, nikakata nywele chache chache, nikivuta pumzi kila mkato. Ndani yake mlitoka ganda la karanga, punje za kinyesi na kizibo cha soda. Kizibo! Mpaka leo tunabishana kilifikaje humo. Kufika saa nne nilikuwa nimemaliza upande wote wa kulia, ngozi ya waridi iko wazi, inapumua haraka haraka. Nikalegea.

"Unaona, Mama Aisha? Ameanza kuniamini."

Akaniuma kidole cha pili, kile kisicho na kofia, akachomoka kwenye kanga, akatokea mlango wa uani.

Uani Hajati alikuwa anapuliza sigiri yake. Alichokiona kwanza ni upande wa kushoto: kitu kinene, cheupe, manyoya tele. Kikageuka. Sasa ni chembamba, kiko uchi. "Auzubillahi!" Birika likaenda huku, Hajati akaenda kule. Asubuhi habari zilikuwa zimefika mpaka Masese: kwa fundi kuna jini, likigeuka linabadilika.

Upande wa kushoto nikauahirisha hadi Jumapili, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na gomesi ya kwanjula, siku ya bwana harusi kujitambulisha kwa wakwe. Mwenye gomesi ni Ssenga, shangazi wa bibi harusi, na siku hiyo macho yote huwa kwa ssenga. Gomesi nayo si gauni la mchezo. Inaweza kula mita 6 za kitambaa, ina mabega yaliyochongoka na mshipi mpana. Jina lake limetoka kwa Gomes, fundi Mgoa, na sisi mafundi hatuchoki kulikumbushia hilo. Ijumaa usiku nikaikunja kapuni, mshipi wa dhahabu juu.

Alfajiri kapu lilikuwa limejaa wingu. Afande amekaa katikati, kifua kitupu. Alikuwa amejinyonyoa nywele za kifuani na tumboni, akazitandika juu ya gomesi, na mshipi ameutafuna vipande vipande kama tambi. Nikampigia daktari mbio, nikidhani ni ugonjwa.

"Amejenga kiota? Basi huyo ni jike. Amejidhania ana mimba. Hutokea hata bila dume."

Afande ni mama! Nashukuru Kiswahili kinamwita kila mtu "yeye". Katika majuma yote yale ya matusi sikuwa nimekosea hata neno.

Saa moja Ssenga akabisha hodi. Mke wangu akamkaribisha, akamshika kwa chai. Maduka yalikuwa bado yamefungwa. Nikang'oa manyoya kwa selotepu mpaka roli ikaisha, nikafungua sanduku la chumbani, nikatoka nimenyooka.

Ssenga akavaa, akazunguka, akapiga chafya.

"Fundi, kitambaa hiki mbona kinatoa sufu?"

"Ni cha Dubai, Ssenga."

Akafurahi mno. Akajifunga mshipi, nao ulikuwa wa dhahabu, umefifia kidogo tu. Mke wangu aliutazama mshipi wa harusi yake ukitoka mlangoni na kiuno cha mtu mwingine, akanitazama mimi, asiseme neno.

Jumatatu nililipa karo.