Mbwa wangu anaitwa Simba na anamwogopa paka

Mbwa wetu anaitwa Simba. Najua, nusu ya mbwa wa Dar es Salaam wanaitwa Simba na nusu nyingine wanaitwa Tomi. Huyu wa kwetu jina halimfai hata kidogo. Kila jioni sufuria lake likijazwa ugali wa dona na dagaa, anarudi nyuma hatua tatu, anakaa, anamsubiri paka achague dagaa anaowataka. Paka akishiba anajilamba viganja, anaondoka zake taratibu bila hata kumtupia jicho. Hapo ndipo Simba anapokula.

Wageni wakiona hivyo hucheka, kisha huuliza: "Hawa wa kwenu hawagombani?" Nimeulizwa mno. Jibu langu ni kwamba hawagombani kwa sababu hakuna aliyewafundisha kugombana, na ninaamini sehemu kubwa ya uadui wa paka na mbwa katika nyua zetu tumeutengeneza wenyewe, kwa mikono yetu na kwa midomo yetu.

Hata lugha yetu inaniunga mkono. Mswahili akitaka kutaja uadui husema paka na panya. Bibi yangu, ambaye hakupungukiwa na maneno ya kuwasema watu, sikuwahi kumsikia akisema fulani na fulani wanaishi kama paka na mbwa. Hilo nimelikuta ukubwani, kwenye katuni za televisheni. Na bibi alikuwa na sababu: panya ni chakula cha paka, lakini paka si chakula cha mbwa. Mbwa anamkimbiza paka kwa kuwa paka anakimbia. Kitu kidogo chenye manyoya kikitimka mbele yake, miguu inaondoka kabla akili haijaamua. Paka huyohuyo akisimama, akavimba na kutoa ule mlio wake wa "khhh", mbwa wengi hubaki wameduwaa, hawajui kinachofuata.

Sasa tazama tunavyofuga. Mtu anapewa mtoto wa mbwa, siku ya pili anamjengea banda la mbao na wavu, mlango umeelekezwa ukutani ili asizoee watu, "awe mkali". Asubuhi anafungiwa, usiku wa saa nne anafunguliwa. Anakula mara moja, tena makombo. Siku paka akipita juu ya ukuta, watoto wanapiga kelele: "Simba, shika! Shika huyo!" na wakubwa kibarazani wanacheka. Mbwa anakua akijua jambo moja tu kuhusu paka. Jirani yangu mmoja alifuga hivyo miaka miwili, kisha akaleta paka wa kumsaidia kuwaondoa panya wa stoo. Paka hakumaliza wiki. Mbwa akachapwa fimbo mpaka nikaingia ndani nisisikie. Kwa mtazamo wangu, mbwa yule alichapwa kwa kufanya hasa alichofundishwa.

Watoto wa mbwa wana kipindi cha kuijua dunia, takriban wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne. Wanachokizoea humo hukiona cha kawaida maisha yao yote. Kwa paka kipindi hicho ni kifupi zaidi na huanza mapema, kama wiki ya pili hadi ya saba. Ukipitisha hapo bado unaweza kuwazoesha, ila kwa jasho. Sisi hatukuyajua hayo, tulibahatisha tu. Simba alikuja kutoka Kibaha ndani ya boksi la biskuti, ana miezi miwili, na paka alikuwa mtu mzima mwenye nyumba. Siku ya kwanza Simba alimkimbilia huku mkia ukicheza, akala kofi la pua. Siku ya pili kofi. Siku ya nne alikaribia kwa kutambaa na tumbo. Mkataba ukawa umesainiwa.

Yale makofi, nilikuja kuelewa baadaye, yalitokana na lugha zao kugongana. Mbwa akiuchezesha mkia huku na huku, mara nyingi anafurahi. Paka akiupigapiga mkia huku na huku, anakuambia amechoka nawe na subira inaisha. Mmoja anasema "karibu", mwingine anasikia "nitakupiga". Wakikua pamoja, kila mmoja anajifunza lahaja ya mwenzake. Wakikutanishwa ukubwani ghafla, tena mmoja akiwa kwenye mnyororo, hawajifunzi kitu.

Jirani wa upande wa pili ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama wengi wa pwani yetu. Kwake paka hana tatizo. Anazunguka ndani, analala kwenye mkeka, na hadithi ya Mtume inasema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Mate ya mbwa ni suala jingine: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wake wa ulinzi ana sufuria lake na mipaka yake, na kizingiti cha mlango havuki. Wapo wanaoona hiyo ni kumbagua mbwa. Mimi naona mzee yule, kwa sababu zake za dini, amefanikiwa kwenye jambo ambalo wafugaji wengi hushindwa, kwani paka anayeishi na mbwa lazima awe na eneo ambalo mbwa hafiki kabisa. Paka wa mzee anajua akivuka kizingiti amefika salama, kwa hiyo hana haja ya kukimbia, na asipokimbia hakimbizwi. Kwangu eneo hilo ni juu ya kabati la vyombo, nimeshaacha kupanga sahani huko.

Penye mgogoro wa kweli ni chakula. Tunawawekea wote ugali uliolowa mchuzi, tukiamini mnyama ni mnyama. Mbwa ataishi nao, hasa ukiongeza utumbo au vichwa vya samaki. Paka haumtoshi. Yeye ni mla nyama hasa: mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa muda mrefu macho hufifia na moyo hudhoofika. Kwa hiyo anaiba. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, tunamwita mwizi na kumrushia kandambili. Kisha anashuka kwenye sufuria la mbwa kutafuta kipande cha nyama, na hapo ndipo meno yanapotoka. Ukimpa paka dagaa wake pembeni, tena juu, nusu ya vita imeisha. Wa kwangu anao wake pembeni na juu, lakini bado anashuka kuchukua wa Simba. Huyo sasa ni mwizi kweli.

Kuna jambo siwezi kuliandika kwa utani. Kabla ya paka huyu tulikuwa na mwingine, na kabla ya Simba tulikuwa na mbwa mwingine aliyejaa kupe. Nilienda duka la dawa za mifugo, nikauziwa dawa ya kuogeshea. Nikauliza, paka naye ana viroboto, naweza kumwogesha? Kijana akanijibu: "Dada, dawa ni dawa, kupe ni kupe." Nikamwogesha. Jioni misuli ilianza kumtetemeka, mdomo ukajaa mate, alfajiri alikuwa amekufa kwenye kanga yangu. Daktari wa mifugo aliposoma lebo alininyooshea kidole kwenye neno moja: permethrini. Mbwa anaistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Akaniambia hata mbwa aliyepakwa dawa hiyo asilale na paka mpaka akauke kabisa, na kwamba kidonge kimoja cha panado kinaweza kumuua paka. Nimewauliza rafiki zangu wengi wanaofuga. Hakuna aliyekuwa anajua.

Mbwa mwenyewe pia anaweza kuwa hatari kwa jamii ya paka, ambayo simba naye yumo, bila hata kuuma. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti, ukaua takriban theluthi moja yao, kama simba elfu moja. Watafiti walielekeza macho kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na baadaye mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa. Huwa namwangalia Simba wangu nikiwaza hilo, yaani jina alilopewa kwa heshima ni la mnyama ambaye mbwa wenzake waliwahi kumwambukiza ugonjwa ukamuua.

Ndiyo maana chanjo siikosi. Kichaa cha mbwa humfikia binadamu kupitia mbwa kwa asilimia 99, na kwa sababu ya jina hilo watu husahau kuwa paka naye huugua na huambukiza. Paka anayelala na mbwa bila chanjo ni mlango ulioachwa wazi. Mwaka jana walipotangaza chanjo kata yetu, nilikwenda na wote wawili: Simba kwenye kamba, paka ndani ya kikapu cha ukili nilichokishona mdomo kwa uzi wa gunia. Foleni nzima ilikuwa mbwa na vijana wao. Mbwa kama ishirini walibweka kwa pamoja, kikapu kikanguruma, na Simba, mlinzi wa nyumba, akajificha nyuma ya gauni langu.

Tulipofika mezani yule bwana wa mifugo alichukua kadi ya kwanza.

"Jina la mbwa?"

"Simba."

Akamtazama Simba, akaandika. Akachukua kadi ya pili, akakitazama kikapu kwa mbali.

"Na huyu?"

"Huyu hana jina. Tunamwita Paka."

"Anauma?"

Sikuwahi kujibu. Mkono wake ulikuwa umeshaingia.