Kidude cha mtu kikifika Kigoma usikiache popote ilimradi

Wadau wa jiokashingi, huu mchezo wa kuficha na kutafuta maboksi kwa GPS, naomba tuongee hili kwa uwazi maana naona watu wanalichukulia poa sana. Vile vidude vyenye namba, Travel Bug na majiokoini (sarafu za mchezo huu zenye namba), vikishafika huku Kigoma vinahitaji mtu wa kutuliza akili kuliko vikiwa Ujerumani au Marekani, na ile habari ya "usikae nacho muda mrefu" tukiifuata kichwa kichwa tunavipoteza sisi wenyewe.

Kwa ambao mchezo bado mgeni kwenu: mwaka 2000 Marekani iliacha kuyapunguzia makusudi usahihi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na ndani ya siku chache tu jamaa mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini akatangaza mtandaoni ilipo. Toka hapo watu duniani wanaficha maboksi wengine wanayatafuta kwa simu. Mwaka uliofuata zikaja Travel Bug, kibati cha alumini chenye namba, mwenyewe anakifunga kwenye kidoli au kigari cha mtoto au chochote kile, anakiacha kwenye boksi moja na kuandika anataka kifike wapi. Anayekikuta anakibeba, anakiweka boksi lingine, anarekodi mtandaoni, na mwenyewe akiwa kwao anaona kwenye ramani kidude chake kimefika wapi.

Sasa sisi watu wa huku hatukosi cha kujifunzia. Nani hajawahi kupewa ndoo ya mawese au furushi la dagaa pale stesheni ampelekee mtu Tabora au Dar? Hufungui, hugawi njiani, humwachii mtu usiyemjua, na treni ikichelewa unampigia mwenye mzigo unamwambia bado tupo Kaliua. Hakuna anayekuhesabia siku, anachotaka ni kujua mzigo wake uko kwa nani.

Ndo maana zile wiki mbili zinaeleweka vibaya. Maelekezo yanasema ukiona utakaa nacho zaidi ya wiki mbili hivi, mwandikie mwenyewe. Basi. Hayasemi ikifika wiki mbili ukitupe kwenye boksi lolote lililo karibu. Ulaya kuna maboksi kila kona, ukikiacha leo kesho mtu kakibeba, huku maboksi ni machache na wanaoyafungua ni wachache zaidi, kwa hiyo mtu anakitoa kidude kwenye boksi la mjini kwa nia nzuri kabisa anaenda kukiacha kando ya ziwa huko ambako hapiti mtu mwenye habari na mchezo, kisha anarekodi "nimekiacha" na roho yake imetulia. Mwenye kidude anasubiri mwaka mzima. Mi naona bora ukae nacho miezi mitatu na mwenyewe anajua, kuliko kukifanyia haraka kiozee kwenye kopo mvua za Desemba zikiingia.

Na ukiwa nacho mkononi hakijasimama. Kuna namna ya kurekodi kwamba kidude kimetembelea boksi fulani bila kukiacha pale, ukienda Tabora unakirekodi, ukipita Dar unakirekodi, kilometa zinaongezeka na ni salama kwenye begi lako. Kilometa zenyewe zinahesabiwa kwa mstari mnyoofu toka boksi hadi boksi, ndo maana Kigoma mpaka Dar itaandika elfu moja na kidogo wakati reli ni zaidi ya 1,200, msishangae.

Ukitaka kukiacha huku basi fikiria wageni wanapita wapi. Wengi wanaoshuka Kigoma wanakwenda hifadhi za Gombe au Mahale, wengine wanapita Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871, alafu wanarudi zao kwa treni au ndege. Boksi lililo kwenye njia hiyo lina maana, la kijijini mbali huko halina hata kama ni zuri na lina mandhari ya kutoa machozi. Hakikisha pia kidude kinaingia vizuri na mfuniko unafunga, sio unakisokomeza kwenye kikopo cha filamu mpaka mfuniko unabaki wazi. Na kabla hujaacha, soma waliotangulia wameandika nini, kama watu wawili wa mwisho wamesema boksi limelowa au hawakuliona, ondoka nacho.

Kingine, kubadilishana. Kwenye boksi kuna vitu vya kawaida, kalamu, bangili, sarafu, hivyo ukichukua unaacha chenye thamani ileile au zaidi. Kidude chenye namba hakimo kwenye hiyo hesabu kabisa, sio lazima uache kingine ndo uchukue, na wala kukiacha hakukupi haki ya kingine. Ni mali ya mtu. Majiokoini ndo yanaumia zaidi hapa kwa sababu yanapendeza, mtu anaona sarafu nzuri anaipeleka kwenye mkusanyiko wake nyumbani, huo ni wizi na tusiutafutie jina lingine.

Namba sasa. Ile iliyochongwa kwenye kibati ni ya siri, ndo inayothibitisha kwamba kweli umekishika au umekiona kwa macho. Piga picha, tena piga nyingi, mwenyewe anafurahi mno kuona kidude chake mwaloni Kibirizi na maboti nyuma, na kama alisema anataka kione maziwa makubwa basi umempatia Tanganyika yenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Lakini geuza kibati au ziba namba kwa kidole kabla hujaposti. Kuna watu wanakusanya namba toka kwenye picha wanarekodi kwamba wameviona vitu ambavyo viko bara lingine, na mwenye kidude anabaki kufuta uongo mmoja mmoja. Kama umekiona na hukukichukua, andika umekiona, usiandike umekichukua, maana aliye njiani kukifuata anakata tamaa bure.

Na maandishi jamani, msiandike "asante" peke yake. Yule mtu katoa hela kanunua kibati, kakituma duniani, hatakaa aione Kigoma, mpe hata sentensi tatu za ulikipata lini, mvua ilikuwaje, mlikwenda nacho wapi.

Mwisho suala la mtandao, huku ndo tatizo la kila siku. Mgeni anaacha kidude mjini asubuhi anapanda treni, bando limeisha au hamna mtandao porini huko, hajarekodi. Wewe unakikuta mchana, kwenye ramani bado kiko kwake. Usimnyang'anye papo hapo, mpe siku kadhaa arekodi kwanza, ikishindikana mtumie meseji, akikaa kimya ndo urekodi kwamba unacho. Na ikiwa kinyume chake, yaani mtandaoni kidude kipo ila kwenye boksi hakipo, usiandike kimeibiwa, andika tu "leo sijakikuta" na tarehe, mwenye boksi au mwenye kidude ndo wenye uwezo wa kukiweka kwenye orodha ya vilivyopotea, na bila hayo maandishi yako watu wanaendelea kukifungia safari bure.